Vichwa Vinavyokatwa Shingoni

Wakazi wengi wa Singida hulisikia gazeti la leo kabla ya kuliona. Nakala zinatoka Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kwa barabara kupitia Morogoro, Dodoma na Manyoni, ilhali redio zimeshasoma kurasa za mbele asubuhi na mapema. Wengi huishia hapo. Kwao kichwa cha habari ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo uzembe wa kukata mistari ya kichwa, ambao msomaji wa Kariakoo anaweza kuusahihisha kwa kufunua ukurasa wa ndani, huku unabaki kama ulivyo.

Zamani haikuwa hivi. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, lilitumia vichwa vya kutaja tu, mfano “Habari za Miji”. Vilipooza, lakini havikupotosha. Magazeti ya enzi za kudai uhuru, Mwafrika (1957), Ngurumo (1959) na Uhuru (1961), yalichapwa wakati herufi zikiwa za risasi, na risasi haibanwi. Kichwa kikizidi upana wa safu, mhariri msanifu alilazimika kutafuta neno jingine, na katika kulitafuta akaipima maana upya. Kompyuta imemwondolea kazi hiyo: herufi zinabanwa hadi ziingie, kinachozidi kinasukumwa mstari wa chini. Chukua mfano wa kubuni: “Madalali waua / soko la vitunguu Singida”. Mstari wa kwanza umeshatangaza mauaji. Ungekatwa baada ya “soko”, hakuna ambaye angeshtuka.

Wapo watakaosema sikio halioni mstari. Kweli, ila mtangazaji anayesoma ukurasa mbichi huvuta pumzi pale macho yake yanapogota. Wengine watalaumu urefu wa maneno ya Kiswahili, kana kwamba lugha haikutupa “yapanda” pale “imepanda” inapokataa kuenea. Hoja nzito, ya kutetea kichwa kinachoacha jambo nusu, ni ya biashara. Tangu milango ya magazeti binafsi ilipofunguka miaka ya 1990, ushindani umekuwa mkali, na kichwa cha “siri nzito yafichuka”, kisichosema siri ya nani, huuza nakala mikononi mwa wachuuzi wa Dar es Salaam. Sawa. Lakini anayesikiliza redio Iramba au Mkalama, mkoani Singida, hana meza ya magazeti jirani. Kichwa cha kuficha hakimpatii mhariri mnunuzi huko, wala msikilizaji hapati habari.