Kinda Kasajiliwa, Kijiwe Kimechafuka: Mambo ya Kujua Kabla ya Kubishana (Handeni na Korogwe)

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kahawa ya Manundu na ya Chanika inanyweka kwa makelele. Dogo fulani mshambuliaji kapachika mabao, kesho yake anatajwa Msimbazi, keshokutwa Jangwani. Mmoja anasema "aende, riziki haisubiri", mwingine anajibu "akienda anakwenda kusugua benchi". Ubishi wenyewe mtamu, ila mara nyingi unakosa data. Hapa chini tumekusanya visa vya kweli na sheria za usajili, ili mtu akibisha abishe na kitu mkononi.

1. KISA CHA NYUMBANI: MALIMI BUSUNGU NA MGAMBO

Kwa wale waliokuwa wadogo wakati huo: wilaya ya Handeni ilishakuwa na timu Ligi Kuu. Mgambo Shooting, au Mgambo JKT, ilikuwa timu ya kambi ya JKT iliyopo Kabuku. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13, mechi za nyumbani ikichezea Mkwakwani, Tanga mjini. Haikuwa timu ya kubebwa. Msimu wa 2013/14 Simba walikuja Mkwakwani Februari 2014 wakafa 1-0. Mwezi uliofuata wakaja Yanga, wakalala 2-1. Machi 2015 Simba wakarudi tena, wakapigwa 2-0.

Kwenye safu ya mbele ya Mgambo alikuwepo Malimi Busungu. Katikati ya 2015 Yanga wakambeba. Wagosi wakagawanyika papo hapo: wengine walifurahi kwamba kijana wa timu ya Handeni anakwenda kwa mabingwa, wengine wakasema timu imekatwa mguu.

Kilichofuata kinazipa pande zote mbili cha kusema. Tarehe 26 Septemba 2015, Yanga waliifunga Simba 2-0 Uwanja wa Taifa. Bao la kwanza la Amissi Tambwe, la pili la Malimi Busungu. Mchezaji ana miezi michache tu klabuni, anaifunga Simba! Waliosema "aende" siku hiyo hawakulala.

Lakini Yanga ile ilikuwa na Tambwe, mfungaji bora wa ligi msimu ule akiwa na mabao 21, na Donald Ngoma wa Zimbabwe. Mwaka 2016 akaongezwa Obrey Chirwa wa Zambia. Namba ya kudumu ikawa ngumu. Makombe alishuhudia, dakika za kucheza zikawa za kuhesabu, na baada ya misimu miwili akaondoka.

Na nyumbani je? Msimu wa 2015/16 ulipokwisha, Mgambo ilishuka daraja. Haikushuka peke yake: Coastal Union na African Sports nazo zilishuka, mkoa wa Tanga ukabaki mikono mitupu Ligi Kuu. Kusema Mgambo ilishuka kwa sababu ya Busungu tu ni kumwonea mtu, maana timu 3 haziwezi kushuka kwa ajili ya mchezaji mmoja. Ila ukimuuza mfungaji wako bila kuwa na mwingine nyuma yake, unajiweka kwenye hatari mwenyewe.

2. KISA CHA PILI: SOPU WA COASTAL

Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Coastal Union na Yanga walitoka 3-3, na mabao yote 3 ya Coastal alifunga mtu mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Yanga wakachukua kombe kwa matuta, lakini jina lililobaki midomoni lilikuwa la kijana wa Coastal.

Hapo kila mtu akawa na timu yake ya kumpeleka. Mwisho wa siku aliyemchukua ni Azam FC, mwezi huohuo wa Julai. Mashabiki wa Simba na Yanga wakanuna, lakini swali la msingi la kijiweni lilikuwa zuri: kinda akienda pale ambapo presha ya mashabiki ni ndogo kidogo, si anapata nafasi ya kukua? Wapo waliojibu kwamba Azam nako washambuliaji wa kigeni wamejaa. Wote wana pointi. Kabla hujasifia uhamisho, hesabu kwanza ni washambuliaji wangapi atawakuta mbele yake.

Kumbuka pia suala la wageni. Mwaka 2015 klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wachezaji 7 wa kigeni. Baadaye idadi ikapandishwa hadi 12. Na nafasi ambayo klabu kubwa hukimbilia kununua nje ni hiyohiyo ya ushambuliaji. Kwa hiyo kinda mshambuliaji anabanwa zaidi kuliko kinda beki.

3. MKATABA: VITU VYA KUANGALIA KABLA KALAMU HAIJAGUSA KARATASI

Hapa ndipo vijana wengi wa wilayani wanaumia. Dau linawekwa mezani, picha ya jezi inapigwa, karatasi haisomwi. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema hivi, kwa lugha nyepesi:

- Mchezaji chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Mkataba wa kawaida wa mtu mzima mwisho wake ni miaka 5.
- Klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba lazima iiandikie klabu yake kwanza, kabla ya kuongea naye. Kumvizia stendi ya Korogwe usiku sio utaratibu!
- Mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine pale tu mkataba wake umekwisha, au umebakiza miezi 6 au chini ya hapo.
- Mkataba haufi kwa sababu ya majibu ya vipimo vya afya. Klabu inatakiwa impime mchezaji kabla ya kusaini, sio imsainishe halafu imgeuke.

Kijana aliye chini ya miaka 18 asikae mezani bila mzazi au mlezi. Na kila anayesaini aondoke na nakala yake. Karatasi iliyobaki kwenye kabati la klabu haitakusaidia siku ya kesi.

4. KUSAINI KWA WAWILI: SOMO LA NGASSA

Kuna watu wanadhani kuchukua pesa za timu mbili ni ujanja wa mjini. Muulize Mrisho Ngassa. Mwaka 2012 alitoka Azam akaenda Simba kwa mkopo. Akiwa huko akachukua fedha za Simba kwa ajili ya mkataba mpya, kisha 2013 akatangazwa Yanga. Kesi ikafika TFF. Agosti 2013 uamuzi ukatoka: ni mchezaji wa Yanga, lakini amefungiwa mechi 6 na anatakiwa kuilipa Simba shilingi milioni 45.

Ngassa wakati huo alikuwa nyota wa taifa, akiwa na klabu kubwa nyuma yake. Dogo wa Mkata au wa Mombo akipigwa faini ya namna hiyo, nani atamlipia? Kujisajili kwenye timu mbili kwa kipindi kimoja ni kosa, na anayeadhibiwa wa kwanza ni mchezaji.

5. TIMU YA MTAANI INAPATA NINI?

Hili ndilo swali ambalo vijiwe vyetu haliulizwi, na ndilo lenye pesa. Kanuni za FIFA zina malipo ya aina mbili kwa klabu zilizomlea mchezaji.

Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Inahusu malezi ya kuanzia miaka 12 hadi 21, na hudaiwa mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi aliyolelewa, au akihama kimataifa kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

Ya pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kimataifa akiwa bado kwenye mkataba, 5% ya ada yake inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka ni 0.25% ya ada. Kuanzia 16 hadi 23, kila mwaka ni 0.5%.

Tupige hesabu. Chukulia kijana amecheza timu ya Korogwe akiwa na miaka 16, 17 na 18, halafu baadaye anauzwa nje ya nchi kwa shilingi milioni 100. Timu ile inadai 1.5%, yaani shilingi milioni 1.5. Auzwe kwa bilioni 1, inakuwa milioni 15. Hizo ni jezi, mipira, nauli, na kiwanja kuchongwa!

Lakini kuna mtego. Ili ulipwe, timu lazima iwe imesajiliwa kwenye mfumo wa chama cha soka, na mchezaji awe amesajiliwa rasmi kwa jina lako miaka hiyo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitisha malipo haya, na kinategemea rekodi za usajili za kielektroniki. Timu ya ndondo isiyo na usajili, hata kama ilimfundisha kijana kuvaa viatu, haipati hata senti. Viongozi wa timu za Handeni na Korogwe, hili ni lenu: sajilini timu, sajilini vijana, tena kwa umri wa kweli.

6. NJIA YA NJE: SAMATTA NA KELVIN JOHN

Mbwana Samatta alitoka African Lyon kwenda Simba mwaka 2010. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mazembe wakamchukua pamoja na Mganda Patrick Ochan. Wapo waliolalamika kwamba Simba imeuza lulu mapema. Alikaa Lubumbashi karibu miaka 5, akabeba ubingwa wa Afrika 2015, Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England akiwa na Aston Villa. Hakuruka ngazi, na kila alipokwenda alicheza.

Kelvin John yeye alianza kutajwa na Genk akiwa bado mdogo, lakini mkataba ulisainiwa Juni 2021 alipotimiza miaka 18. Sababu ni kwamba FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Kwa hiyo akitokea "wakala" Segera anaahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya, na anataka hela ya pasipoti na viza kwanza, huyo ni wa kupelekwa polisi.

7. MASWALI 5 YA KUULIZA KIJIWENI

Kinda akisajiliwa, badala ya kutukanana Simba na Yanga, ulizaneni:
1. Mkataba ni wa muda gani?
2. Mbele yake wapo washambuliaji wangapi?
3. Kuna mpango wa kumtoa kwa mkopo akikosa namba?
4. Klabu iliyomlea imelipwa, na imeandikwa kwenye rekodi?
5. Timu iliyobaki nyuma ina nani wa kufunga?

Majibu yakiwa mazuri, aende, tena tumsindikize mpaka Segera. Majibu yakiwa mabaya, anayemwambia dogo asubiri msimu mmoja zaidi hana wivu, anamtakia mema.