Mikono Iliyoijenga Constantia



Kusini mwa jiji la Cape Town, chini ya milima, ipo nyumba ya shamba iitwayo Groot Constantia. Mgeni huona kwanza kuta nyeupe, paa la nyasi na kilele cha ukuta wa mbele kilichopindwa kwa mtindo wa Kiholanzi. Simon van der Stel, mkuu wa koloni la Rasi, alipewa ardhi hiyo mwaka 1685, akapanda mizabibu. Baadaye divai yake tamu ilifika hadi kwenye meza za wafalme wa Ulaya. Hata Napoleon aliinywa uhamishoni kisiwani Saint Helena.

Hayo ndiyo husimuliwa kwa sauti kubwa. Waliolima, waliovuna na waliokamua zabibu walikuwa watumwa, walioletwa kwa merikebu kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Nami hustaajabu nikikumbuka kwamba nyanya wa van der Stel, mzaa mama yake, alikuwa mwanamke wa India aliyeitwa Monica. Damu ya Mashariki haikumzuia mjukuu kuwamiliki watu wa Mashariki.

Mtumwa alipoingia katika daftari la bwana wake, mara nyingi alipoteza jina alilopewa na wazazi. Mmoja aliandikwa kwa nchi alikotoka, mwingine kwa mwezi: Februari, Aprili, Septemba. Waulizeni wazee wenu waliouona mwaka 1972, Serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya ubatizo. Watawaeleza uchungu wa kuvuliwa jina kwa amri. Huko Rasini majina hayo ya miezi hayakufutika: hata leo zipo familia ambazo ukoo wao huitwa September.

Mwaka 1778 shamba lilinunuliwa na Hendrik Cloete, naye mwaka 1791 akajenga ghala la divai. Juu ya mlango wake mchongaji Anton Anreith alichonga tai na watoto wanene wenye kucheza kwa furaha. Ni kazi nzuri kweli.

Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 1 Desemba 1834. Hata hivyo waliowekwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, wakiitwa wanafunzi wa kazi. Uingereza ililipa fidia, ikapewa mabwana.