Mgao wa Hasheem

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2009, saa mbili na dakika 22 asubuhi, kipindi cha kwanza kilikuwa kimeshaanza katika shule yetu mjini Shinyanga. New York ulikuwa bado usiku, saa saba na dakika 22, na ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden ndiyo kwanza kipenga cha mwisho kilikuwa kimelia. Mchezo ulioanza usiku wa Alhamisi ulikuwa umechukua saa tatu na dakika 46. Chuo Kikuu cha Syracuse kilikuwa kimekifunga Chuo Kikuu cha Connecticut pointi 127 kwa 117, baada ya vipindi sita vya nyongeza. Katika kikosi kilichofungwa alikuwamo kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3.

Sisi hatukuwa na habari. Shuleni kwetu tulikuwa na uwanja mmoja wa kikapu, saruji yenye nyufa, na ringi moja isiyo na wavu. Msimu wa mavuno watu wa jirani waliomba kuanika mahindi pale. Mwalimu wa michezo alikuwa na mpira mmoja tu, ambao aliutunza ofisini kama mtihani. Jina la Hasheem tulilipata kwenye gazeti la siku kadhaa baadaye, gazeti ambalo lilikuwa limeshafungia vitumbua, na tukalisoma likiwa na mafuta.

Nataka kuusimulia msimu ule, kwa sababu wengi wetu tunaukumbuka kwa kuanzia mwisho. Tunakumbuka kwamba Hasheem aliingia NBA, halafu tunakumbuka kwamba NBA hakung'ara. Kilichotokea katikati, miezi mitano ya baridi katika mji mdogo wa Storrs, tumekiruka.

Alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987, na mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka 15. Alipitia Makongo, shule ya jeshi inayosifika kwa michezo, kisha akavuka bahari na kumalizia sekondari Houston mwaka 2006. Connecticut ikamchukua. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 17 na kupoteza 14, na haikualikwa kwenye mashindano yoyote ya mwisho wa msimu. Msimu wa pili ilialikwa, ikatolewa siku ya kwanza na San Diego kwa pointi moja, 70 kwa 69, katika muda wa nyongeza. Katika mchezo huohuo nahodha wa mashambulizi, A.J. Price, alichanika mshipa wa goti. Price alikuwa ameshawahi kunusurika na damu kuvujia kwenye ubongo. Kwa hiyo kikosi kilichoanza msimu wa 2008/09 kilikuwa cha watu waliokwishaonja kushindwa na kuumwa.

Hasheem wa msimu wa tatu alikuwa mtu mwingine. Kwa wastani kila mchezo alifunga pointi 13.6, akaokota ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa kwa makini, kwa sababu mtupo uliozuiwa huandikwa, lakini mtupo ulioogopwa hauandikwi popote. Mchezaji anakimbia kuelekea golini, anaona mikono ile, anageuza njia. Januari 31, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akaokota ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Katikati ya Februari, dhidi ya Seton Hall, alipata pointi 25 na ribaundi 20. Wakati huo Connecticut ilikuwa inashika nafasi ya kwanza Marekani nzima.

Siku mbili baada ya Seton Hall, ikaja Pittsburgh. Ndani yake alikuwamo DeJuan Blair, mfupi kuliko Hasheem kwa zaidi ya nusu futi, lakini mnene na mwenye miguu iliyojikita ardhini. Katika kugombea mpira mmoja, Blair alimzungusha Hasheem juu ya bega lake na kumbwaga sakafuni. Usiku ule Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alipata pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68, na mwezi Machi ikashinda tena. Mwisho wa msimu ligi yao, Big East, iliwagawia wawili hao tuzo ya mchezaji bora. Sidhani kama Hasheem aliwahi kupewa somo kali zaidi la mahali urefu unapoishia.

Kabla ya hapo jeraha la goti lilikuwa limemwondoa Jerome Dyson, mmoja wa wafungaji wao. Halafu ukaja usiku wa Syracuse. Wachezaji wanane walitolewa kwa kufikisha faulo tano. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 katika mchezo ambao kwa kawaida una dakika 40. Katika vipindi vitano vya kwanza vya nyongeza Syracuse haikuongoza hata mara moja. Iliongoza katika cha sita, na hapo ndipo ilipohitajika.

Timu iliyotoka kwenye usiku kama ule ingeweza kuvunjika. Wiki moja baadaye ilianza mashindano ya taifa ya vyuo, timu 65, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Asubuhi ya mchezo wa kwanza kocha Jim Calhoun alilazwa hospitali kwa kuishiwa maji mwilini. Bila yeye, vijana waliifunga Chattanooga 103 kwa 47. Wakaifunga Texas A&M 92 kwa 66, kisha Purdue 72 kwa 60. Mchezo wa kuingia nne bora, dhidi ya Missouri, aliyewabeba alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, aliyefunga pointi 23. Matokeo yalikuwa 82 kwa 75.

Nusu fainali ilichezwa Detroit tarehe 4 Aprili, mbele ya watu zaidi ya 72,000, ndani ya uwanja wa mpira wa Marekani uliobadilishwa kwa siku chache kuwa wa kikapu. Wapinzani walikuwa Michigan State, wanaotoka mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka pale. Detroit ilikuwa katika mwaka wake mbaya: viwanda vya magari vilikuwa vinayumba na watu walikuwa wanapoteza kazi kwa maelfu. Uwanja mzima uliimba kwa sauti moja, na sauti hiyo haikuwa ya Connecticut. Kwetu ilikuwa saa saba za usiku wa kuamkia Jumapili. Michigan State ilishinda 82 kwa 73. Connecticut ilimaliza na ushindi mara 31 na kupoteza mara 5, na Hasheem akavua jezi ile kwa mara ya mwisho. Ndani ya miaka mitatu alikuwa amezuia mitupo 417.

Mjomba wangu wakati huo alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita. Alikuja Shinyanga kwenye msiba, nikamsomea habari yote, kwa fahari, kama vile Hasheem alikuwa amekulia Ngokolo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mjomba, huyo kijana mgao wake ni upi?"

Nikamwambia kwamba anasomeshwa bure, anakula na kulala bure.

"Hiyo ni posho ya kambi," alisema. "Nauliza mgao."

Ambaye hajafika kwenye machimbo huenda asilione swali lile vizuri. Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, mawe yakishapandishwa juu yanagawanywa kwa mifuko. Mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, na waliozama chini wana yao. Watu hugombana sana kuhusu idadi, lakini sijawahi kusikia mtu akisema kwamba aliyezama apewe ugali na shukrani basi.

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwapo, na lilikuwa limesemwa hadharani wiki chache kabla. Februari 21, baada ya mchezo mmoja, mtu aliyekuwa kwenye mkutano wa waandishi alimuuliza Calhoun kama mshahara wake wa dola milioni 1.6 ulikuwa sawa wakati jimbo la Connecticut lina pengo kubwa la bajeti. Kocha alikasirika. Alisema hatarudisha hata senti, na kwamba timu yake inakiingizia chuo dola milioni 12. Hoja ile ilibishaniwa kwa siku nyingi: kocha analipwa kupita kiasi, au anastahili? Katika mabishano hayo mgao wa waliokuwa uwanjani ulibaki pembeni. Kanuni za vyuo zilikataza mchezaji kulipwa, kwa jina la uridhaa.

Hesabu ya namna hii kwetu haikuwa ngeni. Mwaka 2008 kamati ya Jaji Mark Bomani ilikuwa imewasilisha ripoti yake kuhusu madini, na nchi nzima ilikuwa inazungumzia mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3. Mgodi wa Geita ulikuwa umefanya kazi tangu mwaka 2000. Buzwagi, karibu na Kahama, mgodi ambao mkataba wake uliosainiwa London mwaka 2007 ulilitikisa Bunge, ulikuwa unaanza uzalishaji mwaka huohuo wa 2009. Sisi watoto wa shule tulijua kukariri asilimia ile kama tulivyokariri majina ya wakuu wa mikoa.

Tulijua pia habari nyingine, ambayo ndiyo ilikuwa inaipeleka Shinyanga kwenye magazeti ya dunia. Watu wenye ualbino walikuwa wanauawa katika Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huvuta utajiri, pamoja na bahati ya dhahabu. Machi hiyohiyo serikali iliendesha kura ya siri ili wananchi wawataje wanaowashuku. Darasani kwetu alikuwamo msichana aliyesindikizwa kila siku na kaka zake wawili. Kwa hiyo magazeti yalipoanza kuandika kwa shangwe juu ya thamani ya mwili wa Mtanzania mmoja, kimo chake, urefu wa mikono yake, bei atakayofikia, mimi nilisoma nikiwa na furaha na nikiwa na kitu kingine ambacho sikukijulia jina.

Juni 25 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem wa pili katika mchujo wa NBA, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Ni mpangilio huo uliomwandama. Katika msimu wake wa kwanza alishushwa kwa muda kwenye ligi ya daraja la chini. Baadaye alihamishiwa Houston, akapita Portland na Oklahoma City, na baada ya michezo 224 NBA ikamwacha. Akaendelea kucheza Asia. Kila mwaka watu wakipanga orodha ya makosa makubwa ya kuchagua wachezaji, jina lake lipo. Kwao ni kosa la Memphis. Mimi naona pia kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, ambaye miaka saba baadaye alikuwa nguzo ya moja ya timu nne bora za vyuo Marekani. Kemba Walker alibaki Storrs, na mwaka 2011 akaiongoza Connecticut kutwaa ubingwa.

Mwezi mmoja tu baada ya mchujo ule, Julai 2009, mchezaji wa zamani wa UCLA, Ed O'Bannon, alifungua kesi. Alikuwa amejiona ndani ya mchezo wa video: sura yake, namba yake, mkono wake wa kushoto, na hakuna aliyemlipa. Lilikuwa swali lilelile la mjomba, limevaa suti. Mwaka 2014 mahakama ilikubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mwaka 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano mapya, na tangu Julai mosi vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Huku kwetu, sheria ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na ya 2017 hadi 6. Buzwagi uliacha uzalishaji mwaka 2021.

Mjomba sasa anaishi Katoro na ameacha kuzama. Ana mtaji mdogo wa kununua marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ambayo bado yana dhahabu iliyoponyoka mara ya kwanza. Nilipompigia simu kumweleza uamuzi wa 2025, ilibidi nimkumbushe Hasheem ni nani. Alipokumbuka alifurahi.

"Kwa hiyo sasa wanapewa mifuko yao."

"Wanapewa."

"Na wale wa zamani?"

Nikamweleza kwamba kuna fidia, dola bilioni 2.8 hivi, lakini inawahusu waliocheza kuanzia mwaka 2016. Msimu wa 2009 haumo.

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake karasha lilikuwa linasaga, na nilisikia mtu akimwita aje apime mzigo. "Haya, mjomba," alisema. "Nitakupigia."