Waya Huu Unaitwaje? Historia ya Majina Ndani ya Kabati la Stima

Leo tuiache tarakilishi kando kidogo, tufungue kabati la kudhibiti mitambo ya kiwandani. Sisi waandishi wa programu hupenda kudhani kwamba shida ya kuvipa vitu majina ni yetu peke yetu. Mafundi wa stima walihangaika nayo kabla yetu, na kwao jina baya halileti ujumbe wa hitilafu kwenye skrini. Linapeleka mkono wa mtu kwenye waya wenye voti 415.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: kabati hili ni sanduku la chuma lenye kontakta, rilei na fyuzi, na chini yake safu ndefu ya terminali. Terminali ni kipande kidogo cha kubania waya. Upande mmoja unaingia waya wa ndani ya kabati, upande wa pili unatoka waya wa kwenda nje, kwa mota ama swichi. Kabati la kawaida laweza kuwa na terminali mia mbili, zote zinafanana kama mbegu za papai. Lazima uandike kitu juu yake.

Uandike nini sasa? Waweza kuandika mahali terminali ilipo: safu ya kwanza, nafasi ya 5. Waweza kuandika namba ya waya unaofika hapo. Ama waweza kuandika waya huo unakoelekea. Wenzangu wa programu wataona haraka kwamba hapa tuna anwani, jina la kigeu na kielekezi.

Tuanzie mwaka 1928, mwaka ambao ulikuwa na mambo mawili. Huko Essen, Ujerumani, kampuni ya Phoenix, iliyoanzishwa na Hugo Knümann mwaka 1923, ilishirikiana na shirika la umeme la RWE ikatoa terminali za kupangwa moja moja. Sasa safu ingeweza kurefushwa kadiri mtu atakavyo. Jambo zuri, lakini hebu fikiria: umeshaandika 1 hadi 40, halafu mteja anataka swichi mpya katikati ya 5 na 6. Utaiita 5a? Utabadilisha namba zote zinazofuata? Kila aliyewahi kuingiza mstari mpya katika programu ya BASIC anaijua kero hii.

Mwaka huo huo, Marekani, chama cha wahandisi wa umeme AIEE kilitoa orodha ya namba za vifaa kulingana na kazi zake. 52 ni kikata-umeme cha mkondo geu, 51 ni rilei ya mkondo uliozidi inayosubiri muda kabla ya kukata. Orodha hiyo ilirithiwa na IEEE na ingali inatumika katika vituo vya umeme duniani. Nafikiri imedumu kwa sababu inataja kazi ambazo hazibadiliki. Kikata-umeme hakiamki siku moja kikawa pampu.

Kiwandani mambo si hivyo. Watengenezaji mashine wa Marekani, kupitia kanuni zilizojulikana kwa jina JIC, walizoea kuchora saketi kama ngazi na kila kidato kikapewa namba. Waya ukachukua namba kutokana na kidato chake: ukiwa kidato cha 124, unaitwa 1241, 1242 na kuendelea. Namba haibadiliki mpaka waya upite ndani ya kifaa, kwa mfano mguso wa rilei. Ukitoka upande wa pili, unapata namba nyingine. Uzuri wake ni kwamba ukiona 1247 popote, iwe kwenye terminali ama kwenye kifaa, unajua ni umeme ule ule na unajua ukurasa wa kufungua. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe na huo ukurasa. Mchoro ukiliwa na mchwa, 1247 inabaki namba tu.

Wajerumani walishika njia nyingine. Kanuni ya DIN 40719, kisha IEC 750 ya mwaka 1983, IEC 1346 ya mwaka 1996 na IEC 81346 iliyoanza mwaka 2009, zilijenga jina kwa alama: = kwa kazi, + kwa mahali, - kwa kifaa, na : kwa terminali yenyewe. Kwa hiyo -X1:5 ni nafasi ya 5 kwenye safu X1, basi. Haijali unaleta umeme wa nini hapo. Hata rilei zilipata utaratibu wake Ulaya katika miaka ya 1970: koili ni A1 na A2, na miguso ina tarakimu mbili, ya kwanza ikitaja ni mguso wa ngapi na ya pili ikitaja aina yake. 13 na 14 ni mguso wa kwanza ulio wazi kwa kawaida, 21 na 22 ni wa pili, na huo umefungwa. Mimi huu ndio mfumo ninaouhusudu. Fundi asiye na mchoro anasoma kifaa chenyewe.

Jibu la tatu, la kuandika waya unakokwenda, ni la watu wasioamini kwamba mchoro utakuwepo. Kila ncha ya waya inavaa lebo yenye nafasi yake na nafasi ya ncha ya pili. Waya ukichomoka, waurudisha bila kuuliza mtu. Lakini ukiuhamisha, lazima ubadilishe lebo za pande zote mbili, na hapo ndipo uvivu wa binadamu huingia. Nimeona katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, terminali zilizoandikwa PAMPU 2 huku waya wake ukiendesha mkanda wa kubebea magunia. Anayetaka kutengeneza pampu anazima mkanda, na pampu ingali na stima.

Gharama ya mambo haya ilionekana Clapham Junction, London, tarehe 12 Desemba 1988. Katika chumba cha rilei za ishara za reli, waya wa zamani ulikuwa umetolewa kwenye terminali yake wakati wa kazi ya kubadilisha nyaya wiki mbili kabla. Haukukatwa wala kufungwa kando, na ncha yake nyingine iliachwa kwenye fyuzi. Siku moja kabla ya ajali, kazi nyingine iliyofanyika jirani iliusogeza, ukarudi kugusa pale pale ulipokuwa. Ishara haikugeuka nyekundu wakati treni ilikuwa mbele yake. Watu 35 walikufa na karibu 500 wakajeruhiwa.

Ripoti ya Anthony Hidden, iliyotoka mwaka 1989, ilionyesha kwamba fundi alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na kwamba mtu mwingine alipaswa kuzihesabu nyaya kwenye kila terminali na kuzilinganisha na mchoro. Hesabu hiyo ya mtu wa pili haikufanyika. Lebo haikuwa na la kusema hapa, kwa kuwa inataja waya uliopo na si ule ambao hautakiwi kuwepo tena. Kosa la namna hiyo hulipati kwa kusoma majina. Unalipata kwa kuhesabu.

Na tarehe 15 Agosti 2017, katika kituo cha Waterloo, treni iligonga treni ya kazi baada ya nyaya kuongezwa kwenye vifaa vya majaribio nje ya utaratibu wa michoro. Hakuna aliyekufa, lakini wachunguzi wa reli waliitaja Clapham waziwazi, wakihofia funzo lake limeanza kusahaulika.

Katikati ya historia hii ndipo sisi tunaingia. Mwaka 1968 General Motors walitaka kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya rilei, na mwaka 1969 Dick Morley na wenzake wakatoa Modicon 084, miongoni mwa PLC za kwanza kabisa. Programu yake iliandikwa kwa ngazi ile ile, ili mafundi wasishtuke. Terminali zikawa majina ya vigeu: kwenye PLC-5 ya Allen-Bradley, I:012/07 ni ingizo la raki 01, kundi la 2, terminali ya 07. Ukisoma programu, unajua bisibisi iende wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja ControlLogix yenye majina huru, na wahandisi wakaanza kuandika Pampu2_Inaendesha. Programu ikasomeka vizuri zaidi, na uzi uliounganisha skrini na bisibisi ukakatika. Sasa lazima mtu atunze jedwali linalosema Pampu2_Inaendesha ni -X1:5.

Jedwali hilo kwa kawaida huwa ni faili ya Excel, kwenye laptopu ya mkandarasi aliyemaliza kazi akaenda zake.