Moshi wa Bukavu una historia yake

Asubuhi mapema huko Kadutu, moshi wa mbabula unalala juu ya mabati kama ukungu. Wakaaji wengi wanasema ndiyo maisha ya mji wenye watu wengi. Lakini mji huu ulikuwa na nafasi ya kupika bila moshi.

Wabeleji walipojenga Costermansville, jina la Bukavu wakati wa ukoloni, walijiwekea Ibanda, kwenye rasi zinazoingia ziwani, nyumba zenye bustani na upepo. Wafanyakazi Wakongomani waliwekwa Kadutu, na baadaye Bagira. Mwisho wa miaka ya 1950, bwawa la Ruzizi ya kwanza lilianza kutoa umeme. Ruzizi ya pili, inayogawanywa na Rwanda na Burundi, ikafuata mwaka 1989. Mji ukakua, nyaya hazikuufuata.

Mwaka 1994 wakimbizi wakavuka kutoka Rwanda. Tangu 1996 vita vikasukuma familia kutoka Walungu, Kalehe na Shabunda. Walioacha shamba waliacha pia kuni za bure. Mjini kila kitu kinanunuliwa, na makala ndiyo rahisi kupata. Sehemu ya makala hayo inatoka misitu ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa mwaka 1970, ambako Batwa walifukuzwa katika ardhi yao. Kwa hiyo mkimbizi anapika kwa mti wa mtu mwingine aliyehamishwa.

Nyumba zikabanana kwenye miteremko, na kwa wengi chumba cha kulala kikawa ndiyo jikoni. Hapo ndipo madhara yalipo makubwa, kuliko hata vumbi la barabara, pikipiki, jenereta na takataka zinazochomwa. Moshi unaingia kifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Makala yakiwaka usiku katika chumba kilichofungwa, yanatoa hewa isiyo na harufu ambayo inaua watu usingizini. Mbabula itolewe nje kabla ya kulala, hata kukiwa na baridi.

Mbabula ya udongo iliyoboreshwa inakula makala kidogo, na hiyo familia inaweza kuipata leo. Umeme na gesi ni kazi ya serikali. Na gesi haiko mbali: tangu miaka ya 1960, kiwanda cha bia cha Gisenyi, upande wa Rwanda, kilitumia kwa miaka mingi methani iliyotolewa chini ya Ziwa Kivu. Ni ziwa lile lile linaloonekana kutoka Kadutu, moshi ukipungua.