Kabila au Kazi? Ugomvi wa Mawe ya Waneanderthali

Mfaransa François Bordes hakuishia kuzipanga mezani zana za Waneanderthali. Alizigonga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, mpaka akajua kila kovu limetokana na pigo gani. Halafu, kwa jina la Francis Carsac, aliandika riwaya za kubuni za sayansi! Labda ndiyo maana nampenda hata pale ninapomtilia shaka.

Katika pango la Combe Grenal, kusini-magharibi mwa Ufaransa, Bordes alichimba tabaka baada ya tabaka. Huku vikwaruzio vinene tele, kule mawe yenye makali ya meno kama msumeno, kisha vikwaruzio tena. Akahitimisha kwamba ni makabila tofauti, kila moja na desturi yake. Miaka ya 1960 Mmarekani Lewis Binford akampinga: si makabila, ni kazi. Watu walewale, leo wanachuna ngozi, kesho wanachonga mti.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Binford. Hebu fikiria mtu akifukua jiko langu na gereji ya jirani; si atasema tulikuwa mataifa mawili?

Karen Ruebens ndiye aliyenitikisa. Mwaka 2013 alitoa utafiti wa mashoka ya mkono 1,300 hivi kutoka maeneo 80 ya Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji, Uingereza na Uholanzi, ya kati ya miaka 115,000 na 35,000 iliyopita. Upande wa Ufaransa na Uingereza, mashoka yana pande zinazolingana, mengine umbo la moyo, mengine pembetatu. Ujerumani ni visu vya mawe: ukali upande mmoja, mgongo butu upande wa pili. Ubelgiji na Uholanzi, aina zote zimechanganyika, kama lugha za mpakani. Aina ya jiwe na matumizi, kwa maoni yake, havitoshi kueleza tofauti hiyo. Mtu alijifunza shoka “sahihi” kwa waliomlea, basi.

Lakini kilichonikosesha usingizi si mashoka, ni mifupa. Mwaka 2025 watafiti walilinganisha alama za kukatia nyama kutoka mapango ya Amud na Kebara, kaskazini mwa Israeli, yaliyo umbali wa kilomita 70 hivi. Waneanderthali waliishi humo kati ya miaka 60,000 na 50,000 iliyopita. Zana zilifanana, mawindo yalifanana: swala na kulungu. Ila mifupa ya Amud ina mikato iliyosongamana zaidi, tena haikunyooka kama ya Kebara. Yaani kisu kilekile, mnyama yuleyule, mkono tofauti. Binford angejibu nini hapa, maana kazi ni ileile? Watafiti wanadhani huenda watu wa Amud waliikausha nyama kwanza, au waliiacha ianze kuoza kabla ya kuikata, au walikata wengi kwa pamoja. Kwetu mama alimkata kuku kwa kufuata viungo. Shangazi, nyumba ya tatu, alipiga panga tu, na kila mmoja alimcheka mwenzake.

Bordes alifariki 1981, kabla ya haya yote. Ningemwomba Carsac aandike hadithi moja: binti wa Kebara ameolewa Amud, siku ya kwanza anapewa gumegume akate paja la kulungu, na wakwe wote wananyamaza wakimtazama.