Kupunguza Uzito Bila Virutubisho: Kinachowezekana kwa Sahani ya Kilosa na Mikumi

Mji wa Mikumi, uliopo wilayani Kilosa mkoani Morogoro, unapitiwa na barabara kuu ya TANZAM inayounganisha Dar es Salaam na Zambia. Takriban kilomita 50 za barabara hiyo zimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mabasi na malori husimama mjini hapo mchana na usiku, na biashara ya chakula haikosi wateja. Katika miji ya barabarani ya namna hii, pamoja na chipsi, mishikaki na soda, abiria na wakazi huuziwa pia chai za majani, vidonge na unga wa kukorogwa kwenye maji, vyote kwa ahadi moja: kuondoa tumbo na kupunguza uzito kwa siku chache.

Ahadi hiyo inapata wanunuzi kwa sababu tatizo lenyewe lipo. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 1991/92 ulionesha kuwa asilimia 11 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 kiwango hicho kilifikia asilimia 28, yaani zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne. Uzito uliozidi huongeza uwezekano wa kupata shinikizo la juu la damu, kisukari cha aina ya pili, magonjwa ya moyo, kiharusi na baadhi ya saratani, mbali na maumivu ya magoti ambayo wengi huyachukulia kuwa ni uzee tu.

Ni muhimu kufahamu kwa nini chai hizo huonekana kufanya kazi. Nyingi huwa na sanamaki au mimea mingine ya kuharisha. Mimea hiyo huufanya utumbo mpana utoe haja kwa haraka, lakini nishati ya chakula huwa imekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya hapo. Kinachopotea ni maji na madini. Mizani husoma kilo moja au mbili pungufu, mnunuzi hufurahi, na maji yakirudi mwilini uzito nao hurudi. Matumizi ya muda mrefu huweza kushusha kiwango cha potasiamu mwilini, hali inayovuruga mapigo ya moyo. Kwa mtu anayetumia vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo, hatari hiyo huwa kubwa zaidi.

Lipo pia suala la dawa zilizofichwa. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito hadi mwaka 2010, ilipoondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya kubainika kuwa inaongeza matukio ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wagonjwa wenye maradhi ya moyo. Tangu wakati huo, vyombo vya udhibiti katika nchi mbalimbali vimeikuta mara kwa mara ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni za asili kabisa. Mnunuzi wa aina hiyo ya bidhaa hupungua hamu ya kula na huamini kuwa ni nguvu ya majani, kumbe ameze dawa iliyopigwa marufuku bila yeye kujua kipimo chake.

Hapa nchini, bidhaa inayouzwa kama dawa iko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na inayouzwa kama chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo lilipokea majukumu ya udhibiti wa chakula mwaka 2019. Dawa za asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bidhaa ambayo muuzaji wake hawezi kuonesha ilisajiliwa wapi haina mtu wa kuwajibika endapo itamdhuru mtumiaji, hasa pale muuzaji anaposhuka kwenye basi kituo kinachofuata.

Uzito wa kweli, yaani mafuta ya mwili, hupungua pale nishati inayoingia kwa chakula na vinywaji inapokuwa ndogo kuliko inayotumika. Kwa sababu hiyo hesabu huanzia kwenye kikombe. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, ametumia gramu 48 za sukari, sawa na kilokalori zipatazo 190. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, na ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25. Hapo maandazi hayajahesabiwa, wala soda ya mililita 350, ambayo peke yake huwa na kilokalori takriban 140. Bia ya nusu lita hukaribia 200. Kilosa ni miongoni mwa wilaya zinazolima miwa, ambapo mashamba ya Kilombero yametandaa pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo si ajabu kwamba chai ya maeneo haya huwa tamu.

Baada ya kikombe hufuata kikaango. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori takriban 120. Mafuta ya alizeti ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda, lakini nishati yake ni ileile, na anayeyamimina bila kupima hataona tofauti kwenye mizani. Mchicha uliopikwa kwa vijiko viwili vya mafuta kwa familia nzima na mchicha unaoelea kwenye mafuta ni vyakula viwili tofauti. Chipsi mayai ni mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa viazi na mayai, ambavyo vyenyewe si adui, hunywa mafuta mengi vinapokaangwa.

Ugali hauhitaji kuachwa. Robo kilo ya unga wa mahindi ina takriban kilokalori 900, hivyo kinachopaswa kupungua ni ukubwa wa tonge na wa sahani. Njia rahisi ni kuigawa sahani: nusu yake iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iliyobaki iwe maharage, kunde, mbaazi, choroko, samaki, dagaa au nyama isiyo na mafuta mengi. Vyakula hivi havitoki mbali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilicho karibu na mji wa Kilosa, kimefanya kazi kwa miaka mingi kwenye mazao ya mikunde, mtama na alizeti, na majani ya maboga, matembele, kisamvu na mlenda hupatikana kwa bei ambayo hakuna kopo la virutubisho linaloweza kushindana nayo. Mikunde na unga wa dona hushibisha muda mrefu kwa sababu ya nyuzinyuzi. Hata hivyo, dona isagwe kwa mahindi yaliyokauka vizuri na yasiyo na ukungu, kwani sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Ushahidi kwamba mabadiliko ya chakula huonekana haraka umetoka hapa hapa Tanzania. Utafiti uliofanyika Kaskazini mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2025 ulihusisha wanaume 77. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro walipopewa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili tu, uzito wao uliongezeka na viashiria vya uvimbe ndani ya damu vikapanda.

Kuhusu mazoezi, ni vyema matarajio yawe sahihi. Utafiti wa mwaka 2012 kwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi ulibaini kuwa, pamoja na kutembea na kuchimba mizizi kila siku, nishati wanayotumia haitofautiani sana na ya wakazi wa nchi tajiri ukilinganisha watu wenye maumbo sawa. Maana yake ni kwamba nusu saa ya kutembea, inayotumia takriban kilokalori 130 hadi 150 kwa mtu wa kilo 80, hufutwa na soda moja. Mazoezi hata hivyo hulinda moyo, hushusha sukari ya damu na husaidia uzito uliopungua usirudi. WHO inashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwa mkulima aliye shambani msimu wa palizi, kiwango hicho hufikiwa bila kuhesabu. Kwa mfanyabiashara anayekaa dukani Mikumi kutwa nzima, lazima kipangwe. Matembezi hayo yafanyike ndani ya mji, si kwenye barabara ya hifadhini, ambako wanyamapori na malori havimngoji mtu.

Mtu mwenye urefu wa sentimita 165 na kilo 80 ana uwiano wa uzito na urefu wa 29.4, wakati kiwango cha kawaida huishia chini ya 25. Hahitaji kurejea kilo za ujana wake ili apate nafuu. Kupungua kilo 4, yaani asilimia 5, huanza kushusha shinikizo la damu. Akiacha soda moja, vijiko vinane vya sukari na vijiko vikubwa viwili vya mafuta kwa siku, amepunguza takriban kilokalori 500, kiasi kinachoweza kumpunguzia karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha kasi hupungua. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kisukari ulionesha kuwa mpango wa chakula na mazoezi ulipunguza ugonjwa huo kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31.

Jambo moja huwakwamisha wengi. Katika jamii nyingi, aliyenawiri huhesabiwa kuwa amefanikiwa, na anayepungua huulizwa anaumwa nini. Mwenye nia ya kupungua anashauriwa kuieleza familia mapema, hasa anayepika. Swali la majirani nalo lina upande wake wa haki: uzito unaoshuka bila mtu kubadili chochote huweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari, VVU au saratani. Mtu wa namna hiyo akiwa anakunywa chai ya kupunguza tumbo huisifu chai, na miezi ya matibabu hupotea. Anapaswa kwenda kupimwa katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hawapaswi kuanza kupunguza uzito bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari wawaone wahudumu kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa dozi ileile kwa chakula kidogo huweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Wenye shinikizo la damu waendelee na dawa zao hata kilo zinapopungua, hadi daktari atakapobadilisha dozi baada ya kupima.